Karani Hakuwa Akicheka

Mwanaidi mwanangu,

Nakusikia kutoka hapa nilipokaa. Wewe na mama yako mko uani mnabishana juu ya sufuria: yeye anataka uende nayo, wewe unasema chuoni kuna bwalo. Atashinda yeye, nakwambia mapema, kwa hiyo acha nafasi kwenye begi. Ni alasiri, jua bado liko juu ya ziwa, na treni yako ni kesho. Nimewaambia nina ripoti ya ofisi, msinisumbue. Sina ripoti yoyote. Nakuandikia wewe uliye hatua kumi kutoka hapa, kwa sababu kuna maneno ambayo mdomo wangu huu, pamoja na sifa zake zote, umeshindwa kuyatoa kwa miaka kumi na mitatu.

Habari za kuchemsha maji, kufunga mlango na kutolala usingizi mzito ndani ya behewa, hizo ziko mikononi mwa mama yako na hatasahau hata moja. Mimi nazipita. Hata kuswali sitakukumbusha, maana humu ndani wewe ndiye uliyekuwa ukinigongea mlango alfajiri. Nataka kuongea juu ya kidole chako. Lakini nivumilie, nitaanzia mbali kidogo. Sijawahi kuweza kuanza jambo katikati.

Unajua kwamba kabla hujaanza shule nilikuwa mnadi wa samaki ufukweni Ujiji. Unajua kwa kusikia tu, hukuniona. Basi ulikosa. Boti zikifika asubuhi, wavuvi walikuwa wananitafuta mimi kwanza kabla ya kutafuta chai. Nilikuwa namshika mgebuka mkiani, namnyanyua juu, namsifu mpaka angekuwa hai angeona haya. Dagaa niliwaita mabibi harusi. Akina mama wa sokoni walikuwa wananitukana huku wanacheka, na huku wananunua. Kazi ile ina sheria moja ambayo marehemu babu yako alinifundisha nikiwa kijana: mnadi hanyamazi. Ukinyamaza, mnunuzi anaanza kumwangalia samaki, na akimwangalia vizuri ataona jicho limeanza kufifia. Sauti yako ndiyo inayomzuia asiangalie. Shika hapo, nitaparudia.

Kisha ikaja miaka ya watu kuvuka. Kwanza walitoka Burundi, wengine kwa miguu mpaka Kagunga, wengine kwa mitumbwi moja kwa moja hadi huku. Baadaye wakaja wa Kongo. Ufukwe ukajaa magodoro, cherehani, mbuzi, wazee waliobebwa mgongoni. Ziwani injini zilikuwa zinaporwa, wavuvi wakaogopa kutoka, na mnadi asiye na samaki ni mtu anayepiga kelele tu. Nilishinda nyumbani. Mama yako hakusema kitu, lakini alikuwa anafagia kila mahali nilipokaa, na wewe unajua maana ya ufagio ule.

Siku moja nilikuwa pale wanapoteremka watu, naangalia tu. Mzee mmoja alishuka na kapu la mkaa, na kapu likawa linatikisika. Ndani yake kulikuwa na mtoto wa sokwe. Sikujua na wala sitajua alimpata wapi, maana mzee aliposikia neno “polisi” aliliacha kapu na kuyeyuka kwenye watu. Watu wakazunguka, mmoja na kijiti, mwingine na ganda la muwa, kila mtu anataka amguse. Bwana Sanga alikuwepo, yule afisa wa wanyama aliyehamishiwa kwetu kutoka Njombe, na hakuna aliyekuwa akimsikia. Akaniona. Akasema, “Wewe mwenye sauti, niondolee watu hawa.” Nikapanda juu ya ngalawa iliyopinduliwa nikanadi. Nikawaambia mnyama huyu ni karani wa serikali aliyepotea njia, amekuja kuandikisha majina ya wasiolipa kodi, anayetaka kuandikwa asogee. Watu walirudi nyuma hatua ishirini. Ndiyo hapo Karani alipopata jina, na ndiyo hapo mimi nilipopata kazi.

Kazi yenyewe ilikuwa kukata ndizi na kufagia. Pale kilimani palikuwa na banda la matofali na vizimba vitatu tu, mahali ofisi ilipokuwa ikiwaweka wanyama walionyang'anywa watu: kobe, kasuku wawili, chatu mmoja mvivu, na sasa Karani. Hakuna aliyeniambia niongee. Lakini watu walianza kupanda kuja kuangalia, na mimi mbele ya watu siwezi kukaa kimya, ni ugonjwa. Bwana Sanga alinisikiliza siku mbili akiwa dirishani, siku ya tatu akaniletea kofia ya kijani. Akasema, “Kuanzia leo wewe ni mwelezaji.” Nikamuuliza mwelezaji ni nini. Akajibu, “Ni hicho unachofanya.” Basi mwanangu, ndivyo baba yako alivyoingia kwenye kazi ambayo hakujua kama ipo duniani. Hata jirani zetu waliuliza kwa miaka, hivi wewe unalipwa kwa kuongea na nyani?

Sikuwa najua chochote. Nakiri. Kobe nilisema ana miaka mia mbili, ameona misafara ya pembe za ndovu ikiingia Ujiji kwa macho yake. Chatu nilisema humeza mtu mmoja kila mwaka wa kupiga kura. Watu walikuwa wanakufa kwa kicheko. Na Karani ndiye aliyekuwa mgebuka wangu wa kumnyanyua. Watu wakijaa mbele ya kizimba, alikuwa anavuta midomo nyuma anaonyesha meno yote, ya juu na ya chini, yamebanana. Mimi napaza sauti: “Mnamwona Karani? Anacheka! Anasema karibuni!” Watoto nao wanamwonyesha meno, yeye anazidi kuonyesha yake, na mimi nazidi kunadi.

Kulikuwa na mama mmoja aliyekuwa akituletea ndizi na majani ya viazi. Unamkumbuka Mama Esperansi, mrefu, mwenye kitenge cha njano, aliyekuwa anakupa karanga. Alikuwa amevuka na watoto wawili, akawa anafanya vibarua kwenye mashamba ya Simbo. Alikuwa haongei sana. Siku moja alitua kapu lake, akamwangalia Karani muda mrefu, kisha akaniambia kwa Kiswahili chake kilichochanganyika na Kirundi:

“Mzee, uyu hacheki. Ana ubwoba.”

Neno lile hata sisi wa huku tunalijua. Alikuwa anasema Karani anaogopa. Nikamjibu, “Mama, wewe lete ndizi. Mambo ya maelezo niachie mimi.”

Hakukasirika. Alichukua kapu lake akaenda zake.

Sasa nifike Idi pili. Ulikuwa na miaka sita, na mama yako alikuwa amekushonea gauni la pinki lenye mikono ya puto. Idi ni siku yako, ndiyo maana una jina hilo, na ulikuwa umeomba kwa wiki nzima nikupeleke kazini kwangu. Nusu ya Ujiji ilikuwa imepanda kilimani siku ile kutembea sikukuu, watoto wana miwani ya plastiki na maputo, na mtu mmoja alikuja na ngoma. Sijawahi kuwa na watu wengi kiasi kile hata kwenye mnada wa samaki wa kuhe. Nilikuwa nimelewa na watu, sina neno lingine. Karani alikuwa amejibana kwenye kona ya nyuma. Nikaona watu wanaanza kuchoka, wanageuka. Mnadi akiona watu wanageuka, anashika samaki aliye karibu.

Nilikushika wewe.

Sikiliza vizuri sasa, kwa sababu haya ndiyo niliyokaa chini kuyaandika. Nilikuinua juu watu wakuone. Nikasema, “Huyu ni binti yangu wa pekee! Kama Karani ni mkali, ningemsogeza?” Nikakuteremsha mbele ya uwazi ule tuliokuwa tukipitishia chakula. Karani akaja, meno yote nje. Nikakwambia, “Mpe mkono, mama. Mpe mkono Karani, anakusalimia.” Wewe ulirudi nyuma ukagusa mguu wangu. Nikakusukuma kidogo begani. Ukageuka ukaniangalia, na ukaonyesha meno. Nikawaambia watu, “Mnaona, naye anacheka!” Watu wakapiga makofi. Ukapitisha mkono.

Hayo mengine unayajua, kovu unalo. Ilikwenda pingili ya kidole cha shahada, mkono wa kulia.

Bwana Sanga alitupeleka hospitali kwa gari la ofisi. Umelala mapajani kwangu, kanga ya mama mmoja nisiyemjua imefungwa mkononi mwako, na hukulia. Hilo la kutokulia ndilo lililonitisha. Wakati wanakushona, Bwana Sanga alinivuta mlangoni, lakini mlango ulikuwa wazi na kitanda chako kilikuwa hapo hapo. Akaniuliza kwa upole wake, “Imekuwaje? Nataka kujua tu. Kama mnyama amemvamia mtoto, itabidi tumpige risasi. Kama kuna mtu alimpeleka mtoto pale, mtu huyo hawezi kubaki kazini. Imekuwaje?”

Niliangalia kofia yangu. Nikasema, “Mtoto huyu ni mtundu, Bwana. Nilimkataza. Aliponyoka mkononi mwangu akaingiza mkono.”

Nilipoinua macho, ulikuwa unaniangalia.

Kwa miaka nilijiambia kwamba nilisema vile ili Karani asiuawe. Na ni kweli hakuuawa. Nilikuwa nalitumia neno hilo kila usingizi ulipokataa: nimeokoa uhai wa kiumbe. Ila ungekuwepo mnunuzi mzuri mbele yangu angeuliza, na kofia je? Na mshahara? Na jina la mwelezaji? Ningesema ukweli, Karani angebaki salama vilevile. Ni mimi tu ambaye ningeondoka. Karani nilimweka mbele kama nilivyokuwa naweka samaki wazuri juu ya beseni, na chini yake nimejificha mimi.

Usiku ule mama yako alikuuliza. Ukamwambia, “Nilikosea, mama. Sikumsikiliza baba.” Kwa sauti ndogo, umejifunika mpaka kidevuni. Miaka sita, Mwanaidi. Sijui kama ulisema vile kwa kunilinda au kwa sababu ulikuwa umeshaamini. Sijawahi kuthubutu kukuuliza, na mama yako naye sijamwambia mpaka leo. Atayasikia baada yako, na ufagio nitaupokea.

Nilirudi kazini siku ya tatu kama kawaida. Watu wakaja, nikasimama mbele ya kizimba, nikafungua mdomo, sauti haikutoka. Nikakohoa. Mtu akasema leo mnadi kameza mfupa. Niliwaacha pale nikaenda nyuma ya banda nikakaa juu ya ndoo. Mama Esperansi alikuwa anachambua majani ya viazi. Alikuwepo siku ile ya Idi, alikuwa amesimama kwenye kona na kapu lake, aliona yote. Hakunilaumu. Alichambua majani mpaka yakaisha, kisha akaniambia jambo ambalo sijalisahau.

Alisema alipokuwa anakimbia, walikuta gogo limelazwa barabarani na vijana wenye mapanga. Wale vijana walikuwa wanamwangalia kila mtu usoni. “Mimi nilicheka,” akasema. “Nilitoa meno yote. Kijana mmoja akawaambia wenzake, uyu mama mzuri, anatuchekea, apite. Nikapita. Kwa iyo Karani namujua.”

Nilimuuliza sasa nifanye nini. Akasema, “Kaa. Umuangalie.”

Nikakaa. Kila siku jioni, watu wakishaondoka, tulikaa pale wawili, bila kusema. Mara ya kwanza nilidhani nitapasuka. Dakika tano tu na ulimi unawasha. Lakini siku zilivyokwenda nikaanza kuona. Karani akicheka kwa kweli, anafungua mdomo, umelegea, meno ya chini ndiyo yanayoonekana, na anahema hema kama mtu aliyetekenywa. Akiwa na huzuni anakumbatia magoti yake. Ndizi ya kwanza haitii mdomoni, anainusa, anaiweka pembeni, anakula ya pili, kisha anairudia ile ya kwanza. Kwa nini, sijui hadi leo. Mimi niliyesema mambo elfu juu ya yule mnyama sikuwa nimewahi kumwona.

Huo ndio mwanzo wa kazi yangu, Mwanaidi. Kofia ilikuja kabla, kazi ilikuja pale juu ya ndoo. Nilipoanza tena kuongea na watu, jambo la kwanza nililowaambia lilikuwa, “Tunyamaze kidogo tumwangalie.” Walikasirika! Mzee mmoja kutoka Ujiji, rafiki ya babu yako, alidai nimerogwa. Kobe nikasema hatujui umri wake, mtu akaguna, “Mwaka jana alikuwa na mia mbili.” Niliona aibu, lakini nilivumilia. Kisha siku moja lilikuja lori la wanafunzi kutoka kambi ya wakimbizi, watoto wa Kirundi, wakimya, na mwalimu wao amechoka. Sikuwaambia kitu. Niliwauliza tu mnaona nini. Walikaa muda mrefu, halafu msichana mmoja akasema, “Anasikiliza gari.” Na kweli, Karani alikuwa anasikiliza lori lao, injini ilikuwa haijazimwa. Nikamwambia dereva aizime. Karani akatoka kwenye kona yake akaja mbele. Watoto wote waliona kwamba mwenzao ndiye aliyesababisha. Yule msichana alikuwa na uso ambao ningependa uuone kwa watoto watakaokuja mbele yako. Unaupata kwa kuwaachia wao waone, lakini najua hilo umeshalijua, unalifanya vizuri kuliko mimi.

Mama Esperansi alirudi kwao watu walipoanza kurudishwa. Siku ya kuaga alikuja na karanga zako. Ulikuwa shuleni. Akaniuliza, “Mtoto umemwambia?” Nikasema bado, ni mdogo. Akasema, “Mdogo ndiye anabeba.” Nikamwahidi nitakwambia ukifika darasa la saba. Ukafika darasa la saba. Nikasema amalize kidato cha nne. Unaona jinsi mnadi anavyosogeza bei.

Na wakati huo wote nilikuwa naona. Nilikuona unajifunza kushika kalamu kati ya kidole cha kati na cha pete. Nilikuona unaficha mkono kwenye mikunjo ya sketi wageni wakija. Kwenye tahiyatu, ukiinua kile kidole kifupi, mimi niliyekaa mbele yenu kama imamu wa nyumba nilikuwa najua nyuma yangu kuna kidole kinachoshuhudia, na mimi ndiye shahidi wa uongo. Kuna siku sala ilinipotea kabisa nikarudia rakaa, mkadhani nazeeka.

Nilidhani utamchukia Karani. Ungekuwa na haki. Badala yake ulipofika miaka kumi ulianza kuja kila Jumamosi kumkatia ndizi. Ukaanza kuwaeleza watoto wenzako. Nilikuwa nakuangalia kutoka mbali, na nasema haya bila kunadi: sijawahi kuwa na furaha kubwa kama ile ya kukuona umechuchumaa pembeni ya kizimba, unamsubiri mtoto mwingine aone. Kumbe kazi niliyoiokota ufukweni ulikuwa umeichagua.

Kisha mwaka huu chuo kikataka barua ya kujieleza. Uliniletea niisome, nikusahihishie. Niliisoma pale kwenye benchi. Umeandika: “Nilipokuwa na miaka sita sikumsikiliza baba yangu, nikaingiza mkono kwenye kizimba. Kosa langu lilinifundisha kuwaheshimu wanyama.” Nilikurudishia nikasema iko vizuri, rekebisha tu nukta hapa. Nukta, Mwanaidi. Ndicho kitu nilichokuwa na ujasiri nacho.

Hata hapo ningenyamaza, sikufichi. Jambo lililonivunja ni Jumamosi mbili zilizopita. Walikuja watoto wa shule ya msingi, na mmoja akawa anachomeka mkono kwenye wavu. Ukamwita. Ukachuchumaa, ukatoa ule mkono unaouficha siku zote, ukamwonyesha. “Angalia. Mimi baba yangu alinikataza, nikawa mtundu. Usiwe kama mimi.” Watoto wote wakaangalia kidole, kisha wakaniangalia mimi kwa heshima, baba mzuri aliyekataza. Nilikuwa nimesimama nyuma yako na ndoo ya ndizi. Nikaitikia kwa kichwa.

Sasa unakwenda kusomea kazi hii, na unaweza. Utasimama mbele ya watoto wengi kuliko nilioona mimi maishani. Na kila utakapotaka wakusikilize, utainua kidole kile na kusema ulikuwa mtoto mbaya. Utausema uongo wangu kwa mdomo wako safi, mpaka uzeeke, na utawafundisha watoto kwamba anayeumia ndiye aliyekosa. Hilo siwezi kuliacha lipande treni.

Kwa hiyo ukweli wako ni huu, uuchukue. Hukuwa mtundu. Ulikuwa mtiifu kuliko ilivyostahili. Ulirudi nyuma na mimi nikakusukuma. Mkono ule haukuponyoka mkononi mwangu, ulikwenda nilikoutuma. Na pale ulipogeuka ukanionyesha meno, nilikuwa na viumbe wawili mbele yangu wanaoogopa kwa namna ile ile, mmoja ndani ya kizimba na mmoja nje, na mimi nikawaambia watu kwamba wote wawili wanacheka. Karani aliogopa akauma. Wewe uliogopa ukanitii. Nisamehe, mwanangu. Na kama huwezi, au huwezi sasa, nitakaa na hilo, ni langu.

Kesho ofisini nitamwambia bosi mpya. Bwana Sanga amestaafu, nimempigia simu asubuhi nikamweleza yote. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, “Na mtoto amesemaje?” Nikamwambia bado. Akasema basi umeanzia pasipo penyewe, mzee, akakata simu.

Leo asubuhi ulikwenda kumuaga Karani. Nilikuwa nimekaa kwenye ndoo yangu, hukuniona. Ulikaa chini umempa ubavu, hukumwangalia machoni, ukawa unapekuapekua majani kama huna habari naye. Akaja. Akafungua mdomo, umelegea, meno ya chini, akahema ile hema yake. Amezeeka, nywele za kidevu zimekuwa nyeupe, lakini alicheka kweli. Nilitamani mtu mwingine awepo aone.

Nia yangu ilikuwa kuificha barua hii ndani ya begi, chini ya dagaa anazokufungia mama yako, uikute ukiwa umepita Tabora, nami niko huku mbali sionekani. Nimeifikiria nia hiyo tangu nilipoanza ukurasa huu na nimeona ni samaki yule yule na beseni lile lile. Basi nimebadili. Nikimaliza mstari huu nitatoka uani, nitakupa mkononi, na nitakaa pale kwenye jiwe la kufulia mbele yako mpaka uimalize. Mama yako atauliza kuna nini, nitamwambia asubiri. Sitasema neno. Miaka yote hii nimejifunza kunyamaza, na leo ndiyo nitajua kama nimejifunza.

Nina ombi moja tu. Ukiinua uso, usinichekee ili nijisikie vizuri. Kaa na sura itakayokuja yenyewe, hata ikiwa ya hasira, hata ukitaka kuinuka uende. Nitakuwa nakuangalia, na safari hii nitakuona.

Baba yako